Mtoto wa kipaimara ameniuliza mkubwa wa Waanglikana ni nani, nikafuta ubao

MwalimuWaJumamosi

Wadau mko aje. Mimi nafundisha darasa la kipaimara parishi moja huku Eastlands, si kasisi, ni mkristo tu wa kawaida wiki nzima niko hadiwea nauza misumari. Sasa kuna somo la muundo wa kanisa, huwa nachora ngazi: parishi, dayosisi, Kenya yote, halafu juu kabisa naandika CANTERBURY kwa herufi kubwa, yaani kiti cha askofu mkuu wa Uingereza. Nimechora hivyo miaka sita hakuna mtu ameuliza kitu. Jumamosi iliyopita msichana wa fom two akainua mkono akaniambia mwalimu, si GAFCON, ule muungano wa Waanglikana wanaoshika msimamo wa zamani, walisema hawamfuati tena huyo wa Canterbury, na akatoa simu akasoma habari yote mbele ya darasa. Nikafuta ubao nikasema tuombe.

Baada ya ibada Jumapili nikauliza kwa chai. Mzee mmoja wa KAMA, chama cha wanaume wa kanisa, akasema shida ni kwamba wameweka mwanamke kule Canterbury, mama mmoja wa MU, chama cha akina mama, akamjibu mbona sisi wenyewe tuko na askofu mwanamke Butere, na hapo chai ikapoa. Kwa hivyo nauliza nyinyi mnaojua: ACK, kanisa letu la Anglikana la Kenya, saa hii tuko chini ya Canterbury ama tulitoka? Na kama hatuko, Jumamosi nichore nini?

KasisiMstaafu

Mwalimu, usinikasirikie, lakini makosa yalianza na hiyo ngazi yako. Hatujawahi kuwa "chini ya" Canterbury hivyo unavyochora, angalau tangu tujitawale. 1960 tulikuwa jimbo moja la kanisa la Afrika Mashariki pamoja na Tanganyika, 1970 Kenya na Tanzania zikawa mbalimbali, na Festo Olang' akawa askofu mkuu wetu wa kwanza. Tangu hapo askofu mkuu anachaguliwa hapa hapa, hakuna faili inapelekwa London kupigwa muhuri. Sisi hatuna Papa.

Huyo wa Canterbury ni kama kaka mkubwa kwenye boma. Anaita kikao, anakalishwa kiti cha mbele, watu wakigombana anatumwa kuongea nao, lakini hawezi kuja kuuza ng'ombe wako. Yeye ndiye huita maaskofu wa dunia nzima kwenye mkutano wa Lambeth, wa kwanza ulikuwa 1867, na yeye huita wakuu wa majimbo, ambayo leo ni 42. Shida iko kwa maneno ya Lambeth ya 1930, walipoandika kwamba Waanglikana ni makanisa yaliyo na ushirika na kiti cha Canterbury. Yaani kaka mkubwa akageuka kuwa kitambulisho. Sasa ndugu wakisema kaka amepotoka, swali linakuwa: wasipomsalimia bado ni wa boma hilo?

SopranoYaTatu

Huyo mzee wa KAMA mwambie arudi nyuma kidogo. Mama Sarah Mullally alitangazwa kuwa askofu mkuu wa Canterbury tarehe 3 Oktoba 2025, halafu tarehe 16 Oktoba askofu mkuu Mbanda wa Rwanda, mwenyekiti wa GAFCON, akatoa ile barua ya kumkataa Canterbury, kwa hivyo watu wakaunganisha hizo mbili haraka haraka wakasema ni juu ya mwanamke. Lakini GAFCON hao hao walikutana Kigali Aprili 2023 wakasema hawamtambui tena Canterbury kama kiongozi, na wakati huo aliyekalia kiti ni Justin Welby, mwanaume na masharubu yake kama angetaka. Sababu ilikuwa sinodi, yaani bunge la kanisa la Uingereza, ya Februari mwaka huo kukubali sala za kubariki wapenzi wa jinsia moja. Si ndoa, sala, lakini kwa wengi wetu huku hiyo tofauti haikuwatuliza.

Na hata hapo si mwanzo. 1998 Lambeth walipitisha azimio kwamba ndoa ni mume na mke, 2003 Wamarekani wakamweka Gene Robinson kuwa askofu wa New Hampshire, na 2007 nilikuwa kwaya All Saints, kanisa kuu la Nairobi, tukiimba Askofu Mkuu Nzimbi akiwawekea mikono Wamarekani wawili, Atwood na Murdoch, wawe maaskofu wa watu wao huko Marekani waliokimbia kanisa lao. Mimi nilikuwa nafikiria tu sketi yangu ya kwaya imenibana, kumbe ni historia. 2013 GAFCON yenyewe ikaja hapo hapo, zaidi ya wajumbe 1,300, mwezi mmoja baada ya shambulio la Westgate, na Welby akaja Nairobi Jumapili kabla ya kikao akahubiri akarudi kwao. Kwa hivyo hii kesi si ya Wazungu tunayoitazama kwa mbali, sehemu kubwa imetokea hapo juu kidogo ya Uhuru Park.

Sisemi mwanamke si kitu kwao wote. Nigeria hawaweki wanawake kuwa makasisi, sisi Kenya tunaweka, na 2021 tukapata maaskofu wawili, Emily Onyango msaidizi Bondo na Rose Okeno Butere. GAFCON wameishi na hiyo tofauti ndani yao bila kufukuzana. Ndio maana mimi huuliza kwa nini hii moja inavumilika na ile nyingine inavunja nyumba, na hakuna amewahi kunijibu vizuri.

Mchoyo_wa_Maneno

mtanisamehe lakini naona watu wanabishana kuhusu kiti bila kuuliza kiti kilibaki wazi kwa nini. Welby alijiuzulu Novemba 2024 ju ya ripoti ya John Smyth, yule jamaa alikuwa anachapa vijana wa kambi za kikristo Uingereza mpaka damu, akahamia Zimbabwe akaendelea na watoto wa huko, akafia South Africa 2018 hajahukumiwa. Canterbury waliambiwa 2013 na hakuna aliyemfuata vile inafaa. hao ni watoto wa Afrika pia. kwa zile barua zote za kulinda imani ni ngapi zimeandikwa juu yao? nauliza tu sitaki vita

SopranoYaTatu

@Mchoyo hapo umenishika.

PlotiNambaSaba

Mimi swali langu ni fupi, kanisa letu tumejenga kwa harambee miaka tisa, mabati ya mwisho tumeweka Agosti. Wakitengana plot inaenda kwa nani??

KasisiMstaafu

Ploti, lala usingizi. Mali za ACK ziko kwa wadhamini wa kanisa hapa Kenya, hakuna Mwingereza ana hati yako. Unachoogopa ni cha Marekani, ambako parishi ilitoka kwenye dayosisi yake. Falls Church kule Virginia walipiga kura ya kutoka mwisho wa 2006, kesi ikavuta miaka, na 2012 wakaondoka jengo likabaki kwa dayosisi ya zamani. Huku si parishi inayotoka, ni kanisa zima la nchi linaongea na kanisa lingine la nchi. Tofauti kubwa sana.

NesiWaDiaspora

Shikamoo mzee. Mimi niko Uingereza mwaka wa nane, nesi, na napenda kuwaambia huyo mama Mullally alikuwa nesi kama mimi, 1999 akawa mkuu wa manesi wa serikali kabla awe kasisi, kwa hivyo siku ametangazwa sisi wodini tulipiga makofi hata Wapentekoste. Sasa ninachouliza si cha siasa. Parishi yangu huku ni watu wachache wazee, wananipenda, ndio walinibatizia mtoto. Nikija nyumbani Desemba nikaenda kanisa la mamangu nitapokea meza ya Bwana ama nitaulizwa nimetoka upande gani? Mamangu ameshaniuliza kwa simu kama bado tumeokoka.

KasisiMstaafu

Marahaba mwanangu. Miaka 34 nimegawa mkate, sijawahi kuuliza mtu aliyenyoosha mkono ametoka jimbo gani. Njoo upokee. Barua ya GAFCON inaongea juu ya wakuu: wasiende mikutano inayoitwa na Canterbury, wasitoe pesa wala kupokea kutoka kwa baraza la ushauri la Waanglikana, na majimbo ambayo hayajatoa jina la Canterbury kwenye katiba yao yahimizwe kulitoa. Nigeria walitoa lao 2005, hawakungoja mtu. Na barua inasisitiza wao hawajatoka, ati wao ndio ushirika wenyewe. Hapo ndipo mimi nakwaruzana na vijana wangu makasisi, maana ukisema wewe ndiye boma, umeshasema yule mwingine ni mpangaji.

Kuna njia ya tatu na inaitwa jina letu wala hatuisomi. Desemba 2024 tume ya kanisa ilitoa mapendekezo ya Nairobi na Cairo. Wanasema urais wa hilo baraza la ushauri uzunguke kati ya majimbo, usikae Canterbury milele, na yale maneno ya 1930 yabadilishwe yabaki tu kwamba tuna uhusiano wa kihistoria na Canterbury. Mimi ningeyapokea. Wenzangu wanasema ni plasta kwa mguu uliovunjika.

Mchoyo_wa_Maneno

plasta na nesi tuko naye hapa 😂

MwalimuWaJumamosi

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili kwa kaunta mteja akinisubiri. Basi Jumamosi sichori ngazi. Nitachora duara na vidole vingi vimeshikana, halafu viwili vitatu nitaacha vimeachana kidogo, na yule msichana nitampa chaki aeleze mwenyewe maana ameshasoma kuliko mimi. Ile ya Smyth sijui kama niwaambie, wengine wana miaka kumi na mbili.

Mzee, kama uko karibu si uje? Saa nne asubuhi, chai iko na mandazi tunanunua pale nje.

KasisiMstaafu

Niko Kikuyu. Mvua ikinyesha Ijumaa usiku usinitarajie, Jogoo Road hiyo naijua. Isiponyesha nitumie jina la stage.

Na ile ya Smyth, waambie. Usitaje viboko, sema tu mkubwa alifichiwa mabaya yake kwa sababu ya jina la kanisa, na mtoto akiona kitu asinyamaze hata kama ni kwa kasisi. Mimi mwenyewe nikiwepo nitalisema.

MwalimuWaJumamosi

Sawa mzee. Nimekutumia kwa inbox.