Mama mwenye magoti mabovu na matembezi kwenye majabali: Kolo au Singida?

Mkazi wa Kikuyu, Dodoma

Ndugu zangu, nawasalimu. Mwezi Julai mama yangu atakuja kututembelea akitokea Tanga. Safari iliyopita aliyaona majabali yaliyobebana kando ya barabara, na tangu siku hiyo kila akipiga simu ananiuliza ni nani aliyeyapanga namna ile. Ningependa kumpeleka atembee katikati yake pamoja na wajukuu wake wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa tisa, lakini magoti yanamsumbua na kupanda mlima hawezi. Nimesikia habari za michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa. Je, mtu wa hali yake atafika? Na kama hatafika, kuna mahali gani penye mawe ya aina hiyo ambapo mtu anaweza kutembea kwenye tambarare? Naomba pia ushauri kuhusu jua, maana nchi yetu hii ni kame na kivuli ni cha kutafuta.

Mzaliwa wa Kondoa

Karibuni sana kwetu. Kutoka Dodoma hadi Kolo ni kama kilomita 180, na barabara ni ya lami, kwa hiyo mkiondoka alfajiri mtafika kabla jua halijawa kali. Mtaanzia katika ofisi ya kituo pale Kolo, ambako mtalipa kiingilio na kupewa mwongozaji.

Hata hivyo, dada, sitaki kukuficha. Michoro hiyo, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, imetawanyika katika mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150 kwenye mteremko wa bonde la ufa, na ile inayosifiwa kuliko yote, ya Mungomi wa Kolo, iko juu. Gari litawasogeza, lakini sehemu ya mwisho ni ya miguu, ni mwinuko mkali wenye mawe yanayoteleza chini ya kiatu. Mtoto wa miaka tisa atapanda akicheza, ila mama mwenye magoti mabovu atateseka, hasa wakati wa kushuka.

Watakaopanda wataona watu wembamba, warefu kupita kiasi, waliochorwa kwa rangi nyekundu, wengine wakiwa na vichwa vikubwa kana kwamba wamesuka nywele na kuzitimua. Nawasihi msiiguse michoro wala kuimwagia maji ili ionekane vizuri kwenye picha, kwa sababu maji yameifuta mingi. Pia wazee wetu bado hufanya matambiko mahali pale, kwa hiyo mkikuta dalili za tambiko, ziacheni kama zilivyo.

Mwalimu Mstaafu, Singida

Nakubaliana na ndugu wa Kondoa, na kwa mama huyo ningechagua Singida bila kusita. Mji wetu umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, na majabali yamesimama hadi ufukweni. Mnapita chini yake kwenye ardhi iliyo karibu sawa, mnapumzika panapokuwa na kivuli cha jiwe, na akichoka mnageuza mlikotoka. Ziwa Singidani halina mto unaotoka, ndiyo maana maji yake yana chumvi, na Julai maji yakipungua ukingo wake hubaki na utando mweupe ambao watoto watapenda kuukanyaga. Mkibahatika mtakuta na ndege aina ya heroe (flamingo).

Sasa swali la mama, ambalo ni zuri kuliko anavyodhani. Mawe yale hayakupangwa na mtu, wala hayakuporomoka kutoka juu. Ni itale (graniti), mwamba mgumu uliopoa chini sana ardhini zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, ukapasuka nyufa za wima na za ulalo. Maji yakapenya katika nyufa hizo na kuozesha mwamba kuanzia kwenye pembe, kwa kuwa pembe huliwa kutoka pande kadhaa kwa pamoja, na ndipo vipande vikawa vya mviringo vingali vimefukiwa. Mvua ilipoondoa udongo, yakabaki majabali yamekaliana pale pale yalipokuwa. Mwambie apitishe kiganja juu ya jiwe: atahisi chembe ngumu zinazokwaruza na kuona vimulimuli vya ulanga, madini yanayometameta, na pembeni atakuta ganda linalobanduka kama la kitunguu.

Kuhusu jua, anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na mwe mmemaliza saa nne. Kila mtu mzima abebe lita mbili za maji. Julai upepo ni wa baridi na humdanganya mtu asijue kwamba anaungua, kwa hiyo kofia na khanga ya kujifunika ni lazima.

Mkazi wa Kikuyu, Dodoma

Shikamoo Mwalimu, na ahsanteni nyote. Tutakwenda Singida, na Kolo nitawapeleka watoto siku nyingine. Je, kuna wadudu au wanyama wa kuhofia kwenye mawe hayo?

Mwalimu Mstaafu, Singida

Marahaba, mwanangu. Pimbi mtawaona wakiota jua, na michirizi myeupe mwambani ni mikojo yao, hawana madhara. Wa kuhofia ni nyuki, ambao hujenga ndani ya nyufa. Wakatazeni watoto kurusha mawe na kupiga kelele kwenye mianya, na mkisikia mvumo, rudini nyuma taratibu. Mikono isiingizwe mahali ambapo jicho halijaona, kwa sababu ya nyoka. Mama mtafutieni fimbo imara kabla hamjaondoka Dodoma.