Mjadala: Somo la balehe lianze darasa la tatu, au tunawaharakisha watoto?

MAMA WAWILI (mwanzisha mada)

Wadau, shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi. Nina jambo limenikaa rohoni, naomba tulijadili bila matusi.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa na kikao cha wazazi shuleni kwa binti yangu, hapa Tanga. Mwalimu wa afya akaomba ridhaa yetu aanze kuwafundisha darasa la tatu mabadiliko ya mwili: matiti, hedhi, nywele za kwapani, na kwa wavulana ndoto za usiku. Ukumbi ukagawanyika. Baba mmoja akasimama: "Mnawafungua macho kabla ya wakati." Akapigiwa makofi. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule ndiko kunakoniuma hadi leo.

Nilinyamaza ilhali yamenikuta. Binti yangu ana miaka tisa na nusu. Januari, na joto la Tanga mnalijua, alianza kuvaa sweta. Anakula na sweta, anatumwa dukani na sweta, jasho linamtiririka shingoni. Nikimuuliza kama anaumwa, anakataa. Usiku wa tatu akanijia chumbani analia, kashika ziwa la kushoto: "Mama, nina uvimbe, nitakufa." Nikampapasa. Kifundo kigumu kama punje ya hindi, chini ya chuchu, upande mmoja tu. Jirani yetu alifariki mwaka jana kwa saratani ya matiti, naye akajua na yake ndiyo hiyo. Siku tatu mtoto wangu alikaa na kifo chake ndani ya sweta, kwa sababu mimi nilikuwa nasubiri afike darasa la sita ndipo nimwambie.

Mimi nilivunja ungo nina miaka 14. Mama anasema yeye alikaribia 16. Hesabu niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya enzi hizo.

Msimamo wangu: darasa la tatu si mapema. Anayepinga alete hoja, nitamsoma.

MZEE WA CHUMBAGENI

Marahaba mwanangu, na pole kwa mjukuu wangu huyo. Lakini mimi napinga. Zamani mwali alikabidhiwa kungwi baada ya kuvunja ungo, si kabla. Akawekwa ndani, akafundwa na mtu mmoja anayemjua, kwa siri na heshima. Leo unataka watoto 70, wavulana kwa wasichana, waambiwe habari za damu ubaoni? Watachekana mpaka waliokuwa hawajui aibu waijue.

Na hili la kukua upesi tumelitaka wenyewe. Kuku wa kisasa anakuwa jitu kwa wiki tano. Homoni anazopigwa zile zinaingia kwa mtoto. Turudi kwenye kisamvu na dagaa, tuzime simu, mtaona.

NESI WA ZAMU

Shikamoo mzee. La kungwi nakuachia wewe. La kuku niruhusu nikupinge kwa adabu, maana kila wiki kliniki naambiwa hivyo hivyo.

Kuku wa kisasa hakui kwa homoni, anakua kwa mbegu. Kule Kanada, Chuo Kikuu cha Alberta walifuga pamoja kuku wa mbegu ya mwaka 1957 na wa mbegu ya 2005, chakula kilekile. Siku ya 56 wa zamani alikuwa na gramu 905, wa sasa 4,202. Ni kazi ya kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Ukitaka kumlaumu mfugaji, mlaumu kwa antibayotiki anazotumia ovyo. Hapo nitakuunga mkono.

Kwamba watoto wanaanza mapema ni kweli, ila tuseme vizuri kinachowahi ni kipi. Copenhagen, Denmark, watafiti walipima wasichana: mwaka 1991 matiti yalianza kwa wastani wa miaka 10.9, mwaka 2006 yakaanza 9.9. Mwaka mzima umeondoka ndani ya miaka 15! Lakini hedhi ya kwanza ilisogea kwa miezi michache tu, kutoka 13.4 hadi 13.1. Mama Wawili, hilo lishike: punje ile ya hindi haina maana kwamba damu inakuja mwezi ujao. Kwa kawaida bado kuna miaka miwili hadi mitatu hivi. Na kuanza upande mmoja ni kawaida kabisa.

Sababu iliyo wazi kuliko zote ni chakula na uzito. Mafuta ya mwili yanatoa homoni iitwayo leptini, ambayo inaujulisha ubongo kwamba akiba ipo, mwili unaweza kuanza safari. Ndiyo maana upande wa pili nao upo: magharibi mwa Kenya, wasichana wa shule waliopimwa kwenye maeneo ya lishe duni walivunja ungo wamepita miaka 14. Mama yako kuchelewa hadi 16 huenda haikuwa maadili ya zamani, Mama Wawili. Huenda ilikuwa njaa. Kuhusu kemikali za plastiki na vipodozi, wataalamu bado wanabishana.

Mstari wa hospitali ni huu: msichana akianza balehe kabla hajatimiza miaka 8, au mvulana kabla ya 9, mleteni apimwe. Ipo sindano ya kuisimamisha balehe kwa muda, na mara chache kuna uvimbe kichwani unaohitaji kuonekana. Tisa na nusu haimo humo.

BINTI WA PANGANI

Mimi nina hofu nyingine na sijaona mtu ameigusa. Tukizoea kusema "watoto siku hizi wanakomaa mapema", kuna watu wanasikia "wako tayari mapema". Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, hata 14 kwa kibali cha mahakama. Rebeca Gyumi aliifikisha mahakamani, Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikashikilia uamuzi ule ule. Moja ya hoja za Serikali ilikuwa kwamba msichana hukomaa mapema kuliko mvulana. Sasa fikirieni hoja hiyo juu ya mtoto wa miaka tisa mwenye kifundo. Somo lifundishwe, naunga mkono, lakini mwalimu asithubutu kusema "sasa umekuwa mwanamke".

MZEE WA CHUMBAGENI

Nimesoma yote. La kuku nimeliacha, na la njaa limenigusa, kwa kuwa mwaka 1974 mihogo tuliifuata kwa miguu na hakuna aliyeshiba. La binti wa Pangani ni kweli tupu. Lakini la wavulana na wasichana pamoja sijashawishika. Nani atamlinda huyo mmoja aliyeanza peke yake darasa zima, wenzake wakijua jina la kilicho ndani ya sweta yake?

MAMA WAWILI

Mzee, hilo sina jibu la haraka, na nimelala nalo. Nikamuuliza mwenyewe. Akasema, "Mama, wasichana watatu tayari wanajua. Wanasema nimeshikwa na mtu."

Maana yake kifundo kile wenzake wameshakipa jina, tena baya, na hakuna mkubwa aliyewasahihisha. Kwenye kikao kijacho nitasimama niombe hivi: darasa la tatu, wasichana na mwalimu wa kike, wavulana na wa kiume, vipindi vya kwanza wakiwa mbalimbali. Na sisi wazazi tuitwe kabla, tuelezwe hiyo punje ya hindi, maana mimi mwenyewe niliigusa nikatetemeka. Shangazi yake nimeshampigia simu atoke Korogwe, akae naye wikiendi, awe kungwi wake. Mzee, kwa hilo nimekufuata wewe.

Sweta ameivua juzi.