Farasi anayejikuna: shuka la neti, dawa ya kupulizia au mtego?

Mfugaji wa Nanyuki

Wenzangu, nina farasi wawili, na tangu mvua za masika zianze kila mmoja ananisumbua kwa namna yake. Wa kwanza, jike mwekundu wa miaka kumi na mmoja, husugua shingo na shina la mkia kwenye nguzo ya banda mpaka singa zimekatika na kubaki kama brashi iliyochakaa. Asubuhi naikuta nguzo ina damu, na nywele zake zimenasa kwenye mbao. Wa pili, dume aliyehasiwa, ana kidonda kwenye pembe ya jicho la kushoto ambacho kimekaa wiki saba, kinaota nyama nyekundu na hakisikii mafuta ya antibayotiki. Katika duka la pembejeo nimeonyeshwa vitu vitatu: shuka la neti la kumfunika farasi mwili mzima, dawa ya kupulizia yenye permethrini (kiua wadudu), na mtego wa nzi wa kusimamisha malishoni. Fedha yangu inatosha kimoja tu, na ningependa kujua kipi kinazidi vingine. Jirani yangu mwenye ng'ombe ananiambia niache yote hayo, niwaogeshe kwa dawa yake ya josho, ambayo ni rahisi na ipo.

Daktari wa mifugo, Arusha

Nianze na jirani, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari. Kabla hujaipokea chupa yake, soma kibandiko: ikiwa kiambato ni amitrazi, farasi wako asiguswe nayo hata kidogo. Dawa hiyo inawafaa ng'ombe dhidi ya kupe, lakini kwa farasi huzubaisha matumbo, kinyesi kikakwama kwenye utumbo mpana, na mnyama akapata msokoto wa tumbo unaoweza kumuua.

Sasa kuhusu swali lenyewe. Vitu vitatu ulivyotaja havishindani, kwa sababu kila kimoja kina mdudu wake, na wewe bado hujatuambia mdudu ni nani. Tazama mahali anapouma na saa anapouma. Farasi anayejisugua singa na mkia, hasa baada ya magharibi na kabla ya mapambazuko, kwa kawaida anasumbuliwa na usubi, vijidudu vidogo mno vinavyouma. Si kwamba wanamuuma kuliko wengine, bali mwili wake una mzio wa mate yao, na ndiyo maana mwenzake wa banda moja anaweza kulala bila shida. Akipiga miguu chini mchana kutwa, mtafute chafuo, yule anayefanana na nzi wa nyumbani lakini ana mdomo wa kuchoma. Akiruka ghafla juani na kuachiwa tone la damu, huyo ni pange.

Kidonda cha jicho ni habari nyingine kabisa. Nadhani ni minyoo aina ya habronema. Minyoo wakubwa hukaa tumboni mwa farasi, vijana wao hutoka na samadi na kumezwa na mabuu wa nzi, kisha nzi akishakomaa huwashusha kwenye midomo ya farasi ili wamezwe tena. Wakishushwa kwenye jeraha au penye machozi hupotea njia, hawakui wala hawatoki, na nyama huota kuwazunguka. Tiba yake ni ivermektini ya kulisha kinywani, miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, yaani miligramu 90 kwa farasi wa kilo 450. Usimdunge ile ya sindano iliyotengenezewa ng'ombe. Hata hivyo, nyama inayoota jichoni inaweza pia kuwa saratani, kwa hiyo muite daktari akate kipande kipimwe kabla hujaridhika na maneno yangu.

Saisi wa Ngong

Nakubaliana na daktari, ila nataka kusema neno juu ya shuka la neti, kwa kuwa nimelivalisha farasi wa watu kwa miaka mingi. Kwa usubi halina mpinzani, mradi livaliwe kabla jua halijatua na lifunike tumbo na shina la mkia. Lile linaloishia mgongoni ni mapambo. Adui yake ni miba ya migunga na seng'enge. Tundu moja dogo likiachwa, usubi wataingia na kula humo humo ndani.

Kosa langu lilikuwa kumwacha farasi nalo likiwa limelowa. Baada ya siku kadhaa za mvua nilipitisha kiganja mgongoni nikahisi vipele vigumu kama punje za mtama, nikadhani ni usubi tena, nikaongeza dawa ya wadudu. Nilipobandua kigaga kimoja kilitoka na kishungi cha nywele zilizosimama pamoja, na chini yake palikuwa na ngozi ya waridi yenye usaha kidogo. Kumbe ni bakteria, Dermatophilus congolensis, yule aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 1915 kutoka kwa ng'ombe wa Kongo, naye hupenda ngozi iliyolowa. Nililivua shuka, nikalainisha magaga na kuosha kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya ngozi, nikamkausha vizuri kwa taulo, na farasi akapona. Mabaka ya duara yasiyo na nywele ni kitu kingine, hayo ni choa. Yakionekana, tenga brashi na tandiko lake, na wewe mwenyewe vaa glovu, maana huambukiza binadamu.

Mkulima wa Naivasha

Mtego nao usidharauliwe. Uko mmoja wa kitambaa cha buluu na cheusi unaoitwa Nzi, kwa neno letu hilo hilo. Ulibuniwa Kenya na mtafiti Steve Mihok, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 2002. Nilijishonea wangu kwa cherehani. Unanasa pange, chafuo na mbung'o, lakini kwa usubi ni bure, na kwa hao nzi wa jichoni si wa kutegemea. Kwa kuwa tunazungumzia vitambaa: mwaka 2019 watafiti walichapisha jaribio la Uingereza ambamo farasi walivishwa mashuka ya mistari ya punda milia, na pange wakatua kwao mara chache kuliko kwa waliovaa rangi moja. Punda milia alikuwa nalo jibu akitukodolea macho ng'ambo ya ua.

Msomaji wa Maskati

Mbona hakuna aliyetaja feni? Usubi ni dhaifu wa kuruka, na upepo wa feni ya kawaida bandani huwashinda. Permethrini inasaidia, lakini jasho na mvua huiondoa, itabidi urudie kila mara, na iweke mbali na paka wa banda kwa kuwa kwake ni sumu kali. Chafuo na nzi wa kawaida wao hutagia kwenye samadi na majani yaliyolowa mkojo, kwa hiyo reki na toroli vitafanya kazi ambayo hakuna chupa itakayoifanya.

Mfugaji wa Nanyuki

Nashukuru. Chupa ya jirani ilikuwa ya amitrazi kweli, nimemrudishia na kumweleza. Jana nilikaa bandani na tochi kuanzia saa kumi na mbili jioni. Jike alikuwa ametulia mpaka giza lilipoanza kuingia, ndipo akaanza kuitafuta nguzo, na kwenye shina la mkia niliona vijidudu vidogo kama majivu. Nanunua shuka. Feni nimeazima ofisini. Daktari amekata kipande cha kile kidonda, na ndani yake mlikuwa na chembe ngumu za manjano, ndogo kuliko punje ya mchele. Anasema zinaelekea habronema, lakini tunasubiri maabara.