Nyumba ya Kisauni: Salim anaenda Nairobi

JUMATATU

Mwanaisha 19:12
Asalaam aleikum nyote. Jana nilisema nikanyamaziwa, leo nasema tena. Salim ameitwa Nairobi mashindano ya gofu ya vijana pale Muthaiga, mashimo 18 kila siku, siku tatu mfululizo, na watoto wa Pwani walioitwa hawajazi hata meza moja ya chai. Treni daraja la kawaida ni 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, yeye na mtu mzima mmoja, hiyo tayari ni 6,000 hata maji hawajanywa. Kisha chakula, ada ya mashindano, viatu. Tuma kwangu kwa M-Pesa halafu andika hapa jina na kiasi. Naanza mimi mwenyewe.

Mwanaisha 19:13
1. Mwanaisha 3,000 ✅
2.
3.
4.

Mwanaisha 20:40
Mwasoma kimya kimya mwapita. Tiki za buluu naziona

Rama 20:52
Shangazi salio limelala mapema leo 😂

Mwanaisha 20:53
Rama jana ulikuwa Nyali waagiza pizza na wenzio, nimeona stetasi

Rama 20:53
Ile nilialikwa wallahi!

Zuhura 20:55
Pizza gani hiyo na sisi hatukuletewa hata ukoko

Rama 20:56
Ya kuku. Ilikuwa na nanasi, sikuielewa

Zuhura 20:56
Nanasi kwa pizza 😭😭

Mwanaisha 20:59
Mtoto anaitwa Nairobi nyie mwajadili nanasi. Haya.

Tima 21:30
Shangazi samahani nilikuwa darasani. Pesa sina kwa sasa ila walale kwangu, niko Wendani, kutoka hapa mpaka Muthaiga ni gari moja tu Thika Road. Lakini wajue treni inaishia Syokimau si mjini, kuna nauli nyingine hapo katikati

Mwanaisha 21:32
Ahsante mwanangu, huyo ndiye mtu. Naandika Tima malazi ✅

Mwanaisha 21:35
Na jambo la pili. Nimezungumza na mwenye duka la kuchapisha pale Bamburi, fulana kumi, mbele picha ya babake, Omari, ile aliyoshika kombe, nyuma maandishi MWANA WA OMARI. Salim avae moja siku ya kwanza, nyingine wavae watakaokwenda kumshangilia. Watu wa gofu Nairobi wamjue ametoka nyumba gani.

Rama 21:36
🔥🔥🔥 mimi laji

JUMANNE

Halima Muscat 00:14
Ndio natoka kazini. Nitatuma mwisho wa mwezi inshallah. Nani anakwenda naye?

Mwanaisha 06:02
Kassim.

Kassim 07:48
Mimi? Nani aliniuliza?

Mwanaisha 07:50
Si uko likizo

Mwanaisha 07:51
Omari akienda kila mtu atamzunguka, picha, salamu, ule mpira wa mwaka fulani ulioruka mti, mtoto atakosa hata nafasi ya kupumua. Wewe hakuna anayekujua huko

Rama 07:52
Pole baba 😂

Kassim 08:20
Mimi nauliza kitu kimoja na nisijibiwe kwa makelele. Hii si mara ya kwanza nyumba hii kuchangia gofu. Sisi wengine tuliacha shule kwa sababu ada ilikwenda kununua fimbo, hilo nimelimeza. Lakini ile minazi ya Mtwapa iliyokodishwa kwa ajili ya Omari ilirudi?

Rama 08:31
🥥🥥🥥

Kassim 08:31
Rama futa hiyo.

Rama ameufuta ujumbe huu

Mwanaisha 08:40
Kassim hayo ya minazi si ya hapa.

Kassim 08:41
Ya wapi sasa? Miaka yote si ya hapa, si ya leo, si mbele ya watoto. Omari yumo humu anasoma. Aseme yeye.

Mwanaisha 09:15
Mchango bado ni mtu mmoja na malazi. Nakumbusha.

Mwanaisha 12:30
Nakumbusha tena.

Mama Salim 16:05
Shikamooni wakubwa. Nimechelewa nilikuwa hospitali na mdogo, homa tu ameshapata dawa. Dada Mwanaisha nakushukuru kwa moyo wote, Mungu akulipe, lakini fulana nakuomba zisubiri. Mwajua mwezi uliopita kwenye shindano la hapa? Pale pa kuanzia shimo la kwanza walisimama wazee nyuma yake na simu zimeinuliwa, mmoja akasema kwa sauti "tuone kama ni damu au ni jina tu", mtoto akausikia. Mpira wa kwanza ukaingia kwenye miarobaini, wa pili vivyo hivyo. Alirudi nyumbani hakula. Siku mbili fimbo hakuigusa, na huyu ni mtoto ambaye usiku nalala kwa sauti ya mpira kugonga mguu wa kitanda.

Zuhura 16:09
Kweli. Anaweka kikombe cha kahawa cha Babu kimelala mwisho wa korido, anapima kwa mkeka, mipira ishirini haondoki mpaka yote iingie, ikikosa mmoja anaanza upya. Babu kikombe chake amekikosa wiki nzima, hasemi kitu

Halima Muscat 16:30
Maskini. Ni nani huyo mzee aliyesema hivyo

Mama Salim 16:31
Tumwache da Halima, tukianza kumtaja haitaisha

Tima 17:02
Hii ndiyo ile ya Charlie Woods kabisa. Mwamjua mtoto wa Tiger Woods yule bingwa wa gofu, amezaliwa 2009. Februari 2024 alijaribu kufuzu mashindano ya wakubwa kule Hobe Sound Florida, ndio kwanza ametimiza 15, watu wakajaa uwanjani kamba za kuwazuia hakuna, wengine wanamfuata na vitu awatilie saini katikati ya mchezo, akamaliza na 86, shimo moja peke yake alitumia mapigo 12. Dunia nzima ikaandika. Vijana wangapi walipiga vibaya siku hiyo hatujui hata majina yao ila yeye hata mapigo ya shimo moja yanajulikana. Miezi michache baadaye kwenye ubingwa wa vijana wa Marekani pale Oakland Hills akapiga 82 na 80 akatolewa kwenye mchujo, ikaandikwa tena

Rama 17:04
Lakini si alipiga ule wa kuingia moja kwa moja

Tima 17:09
Huo ni Desemba 2024 Orlando, anacheza timu moja na babake, shimo la nne, akapiga fimbo ya 7 mpira ukaingia kwa pigo moja, halafu wakafungwa kwenye shimo la nyongeza na Bernhard Langer na mwanawe, mzee wa miaka 67 huyo! Na Mei 2025 ameshinda mashindano makubwa ya vijana Streamsong, mapigo 15 chini ya paa, yaani pungufu ya idadi iliyowekwa ya uwanja, amewaacha wa pili kwa mapigo matatu. Ninachosema hivi, yule mtoto babake ana mataji 15 ya meja, yale mashindano makubwa kabisa ya gofu, na pesa za kumzungushia ukuta, na bado kelele zilimfikia. Salim wetu ukuta wake ni sisi humu ndani. Shangazi hiyo fulana ni kumchorea shabaha mgongoni

Kassim 17:15
Tima umeongea

Mwanaisha 17:20
Kwa hiyo mimi ndiye mbaya. Ninayehangaika na M-Pesa tangu jana ndiye nimchoreaye shabaha mtoto wa ndugu yangu.

Tima 17:21
Hapana Shangazi sikusema hivyo jamani 🙏🏽

Mwanaisha 17:21
Sawa tu.

Rama 17:25
Arbuni ya fulana ishalipwa?

Mwanaisha 17:26
Nyamaza.

JUMATANO

Babu 05:47
🎤 Ujumbe wa sauti 3:12

Rama 08:10
Shikamoo Babu. Bando langu halifungui sauti, nani aandike

Zuhura 08:34
Nimeandika alivyosema neno kwa neno, yuko hapa kando yangu:

"Bismillahi. Nimesomewa yote. Minazi ya Mtwapa ilikuwa yangu. Niliikodisha mimi, kwa mkono wangu, kwa akili yangu timamu, Omari hakuja kuniomba, mimi ndiye niliyemwita. Mwenye kudai anidai mimi, niko Kisauni, mlango uko wazi. Kassim mwanangu, la shule yako ulilolimeza ni kweli, na sijawahi kukwambia kwamba ni kweli, leo nakwambia mbele ya wote. Lakini la minazi lisitajwe tena kwa jina la nduguyo maadamu mimi nahema. La pili. Mmepanga treni, mmepanga nguo, mmepanga nani aende na nani asiende. Mtoto mwenyewe mmemuuliza? Yuko chumba cha pili. Muulizeni. Basi."

Halima Muscat 08:51
Tumekusikia Baba.

Mwanaisha 09:30
Tumesikia Baba.

Mama Salim 09:44
🙏🏽

Kassim 13:18
Nimesikia Baba. Nitakuja jioni.

Mwanaisha amemuongeza Salim

Mwanaisha 16:02
Salim mwanangu karibu. Usipande juu kusoma ya nyuma.

Rama 16:02
Hawezi kuona ya nyuma Shangazi, ameongezwa sasa hivi

Salim 16:20
Shikamooni nyote

Mwanaisha 16:20
Marahaba. Sema baba, wataka kwenda au hutaki?

Salim 16:31
Nataka

Salim 16:33
Nataka kwenda Shangazi. Fulana naomba nisivae nitavaa ile nyeupe ya shule. Na nataka Baba anibebee begi

Mwanaisha 16:34
Babako akienda watamzunguka mwanangu

Salim 16:40
Watamzunguka kabla na baada. Tukishaanza anakuwa kimya. Juzi nilipokuwa peke yangu nilikuwa nawasikia wote, yeye akiwa kando sisikii mtu

Tima 16:42
Tiger mwenyewe amembebea Charlie begi kwenye mashindano ya vijana, siyo ajabu

Rama 16:43
Kwa hiyo baba yangu likizo yake imerudi 😂

Halima Muscat 16:50
Omari wewe wasemaje? Siku tatu uko kimya na ni mwanao

Omari 21:37
Asalaam aleikum. Nimesoma zote tangu mwanzo. Baba ameshasema na juu ya neno lake siweki langu, Kassim tutaonana mimi na wewe ana kwa ana si humu. Begi nitabeba. Nilibeba mabegi ya watu tangu mdogo kuliko Salim, kabla sijaruhusiwa kukanyaga ule uwanja na fimbo yangu mwenyewe, kazi hiyo naijua. Akipiga vibaya sitamwambia kitu mpaka tufike shimo linalofuata. Lakini kuna mawili. Moja mashindano mengine ya vijana hawaruhusu mzazi kuwa kedi, yaani mbeba begi, nimeshapiga simu kuuliza wanasema watanijibu. La pili na hili ni muhimu sana, siyo kufika usiku kesho acheze, lazima wafike siku mbili kabla. Hapa tuko usawa wa bahari na kusi inavuma, mtoto amezoea kupiga mpira wa chini chini, upite chini ya upepo. Nairobi ni zaidi ya mita 1,600 juu, hewa nyepesi, mpira unaruka mbali zaidi, pale anapozoea fimbo ya 7 huenda ya 8, inayopiga karibu zaidi, ikatosha, asipojua atavuka grini zote, yale majani mafupi yenye shimo, ajilaumu mikono na mikono haina kosa. Na mwezi huu kuna baridi, vidole vya mtoto wa Pwani vinakufa ganzi asubuhi, apate sweta. Mimi mara yangu ya kwanza mashindano ya Kenya Open hakuna aliyeniambia haya na siku ya kwanza nilivuka grini nne. Mpaka leo hakuna Mkenya aliyewahi kuichukua hiyo Open, tangu 1967 ilipoanza, Jacob Okello 1998 alifika mpaka shimo la nyongeza ikamponyoka. Sisemi Salim ataichukua. Nasema afike akiwa amelala na ameshaupima uwanja.

Mama Salim 21:49
Ahsante baba Salim. Kumbe unaweza kuandika refu hivi

Halima Muscat 21:50
😂😂 mimi mwenyewe nimeshangaa

Mwanaisha 21:55
Siku mbili kabla ni chakula cha siku mbili zaidi. Na sweta. Hesabu yangu yote imevunjika.

Tima 21:57
Sweta nitaazima kwa mwenzangu ana mdogo wake saizi hiyo. Ila wiki hiyo siku ya kwanza nina mtihani siwezi kuwapokea asubuhi

ALHAMISI

Mwanaisha 06:10
Orodha mpya.
1. Mwanaisha 3,000 ✅
2. Tima malazi + sweta ✅
3. Halima (mwisho wa mwezi) ❓
4. Mama Salim chakula cha njiani ✅
5. Zuhura 500 ✅
6. Rama ❓
7. Kassim ❓
Naifunga leo saa nne usiku. Fulana nimezisimamisha, arbuni mwenye duka hairudishi, anasema nitoe kitu kingine cha kuchapisha.

Rama 06:44
Chapisha orodha 😂

Rama 06:45
Nimetuma 1,000 Shangazi, angalia

Mwanaisha 06:47
Nimeiona. Mungu akubariki.

Zuhura 12:15
Viatu vya pini Salim anavaa 42 lakini Babu anasema mnunue 43 mguu bado unakua. Salim anasema kikubwa kitamzungusha akisukuma. Wanabishana hapa

Mama Salim 12:40
42. Nitazungumza na Baba mwenyewe

Mwanaisha 20:15
Kassim ulikwenda jana kwa Baba?

Kassim 21:58
Nilikwenda.

Mwanaisha 21:58
Na jina lako naandika ngapi?

Mwanaisha 22:06
Kassim?

Omari 22:20
Wale wa kedi hawajanijibu bado. Kesho napiga tena. Wakikataa mzazi itabidi mtu mwingine abebe, na huyo mtu lazima aanze kutembea na Salim uwanjani kuanzia Jumamosi

Halima Muscat 23:41
Kwani tiketi zishakatwa? Na hiyo treni ni ya asubuhi au ya usiku, nijue nani wa kuwapokea Syokimau, Tima si ana mtihani