Pesa za kupambana na ugaidi zipewe OCS (mkuu wa kituo cha polisi) wa kijijini ama zibaki Nairobi?

Mwana wa Faza
Haya jamani, naweka swali na msinijie na matusi. Kila Juni bajeti ikisomwa tunasikia mabilioni ya usalama, kupambana na ugaidi, vifaa vya kisasa. Mimi ni wa Faza, visiwa vya Lamu, tulipigwa kafyu miezi na miezi baada ya shambulio la Mpeketoni 2014, operesheni ya kuwasaka Al-Shabaab msitu wa Boni tumeiona tangu 2015, na hadi leo kituo cha karibu na kwetu gari likitaka kutoka lazima mwenye shida atoe ya mafuta. Sasa hizi pesa zishuke kituoni, OCS apange na wazee wa mtaa na wale polisi wa akiba (NPR) ambao ni watoto wetu, ama ziendelee kukaa Nairobi kwa vikosi vinavyoletwa na ndege watu wakishazikwa? Mimi nasema zishuke. Askari anayeletwa huku kutoka bara hata kuogelea hajui, atamfukuza nani baharini Kiunga, huko mpakani na Somalia?

afande_mstaafu
Nimesoma mpaka hapo kwa kuogelea nikawacha. Miaka 29 nimevaa hiyo nguo bwana. Lamu nimefanya miaka mitatu, nimevuka Mokowe kwenda Amu usiku bahari imechafuka na hakuna aliyenishika mkono. Nani alikwambia askari wa bara hajui kuogelea?

Mwana wa Faza
Afande shikamoo. Sikukusema wewe. Lakini nijibu tu, Kiganjo mnakofunzwa upolisi kuna bahari?

afande_mstaafu
Marahaba. Bahari hakuna, akili iko.

Shangazi Tudor
😂😂 mimi hapo kwa mafuta ndio pangu. Niliibiwa TV na mtungi wa gesi, nikaenda kituo fulani sitakitaja, nikapewa namba ya OB (kitabu cha ripoti) vizuri na pole nyingi, alafu nikaambiwa "mama gari iko lakini haina mafuta, ukiweza elfu moja". Sikuwa nayo. Nikaita tuktuk kwa pesa yangu, askari akaingia na bunduki yake imesimama katikati ya miguu, mimi nimebeba mchicha niliotoka nao sokoni, dereva anatuangalia kwa kioo jasho linamtoka. Mwizi alituona kwa mbali akacheka. Sasa kama ni mwizi wa gesi tunaenda hivi, gaidi je?

wakili_bei_poa
Kabla hamjagawana hizo pesa someni Katiba kidogo. Jedwali la Nne linasema polisi ni kazi ya serikali kuu, kaunti zina askari kanjo tu wa kukimbizana na mama mboga. Sheria ya polisi ya 2011 iliweka mamlaka ya polisi ya kaunti, gavana ndiye mwenyekiti ama mtu wake, hapo ndipo wananchi wangepanga usalama wao. Nani hapa ameona kikao cha hiyo kitu? Mimi sijaona. Na vituo vingi mnavyoviona vijijini vimejengwa na NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa mbunge, hiyo yenyewe Mahakama Kuu ilisema Septemba 2024 haifuati Katiba. Kwa hivyo "zishuke" zinashuka kupitia bomba gani?

Mwana wa Faza
Bomba litafutwe wakili, ndio kazi yenu. Sisi maji hayafiki.

Mkulima wa Hindi
Mimi ni wa Hindi, hapa Lamu upande wa bara, nitasema ukweli na mkinichukia sawa. Ile usiku ya Mpeketoni watu walikuwa wanaangalia Kombe la Dunia. Kituo cha polisi kilikuwepo pale mjini, si mbali, na chenyewe kikashambuliwa. Zaidi ya watu 60 wakaisha pale na vijiji vya karibu. Kwa hivyo msinidanganye kituo kikipewa pesa kitatulinda. Na nyinyi watu wa visiwani mnajua boti gani imeingia usiku na imebeba nini. Mnajua. Mnanyamaza.

Mwana wa Faza
Hapo umenitusi mimi, mama yangu na kisiwa kizima. Tuseme kwa nani? Mtu wa huku akienda kituoni asubuhi kusema ameona wageni, jioni jina lake liko baraza la kahawa. Wale wa msituni wakisikia wanamchinja. Na akinyamaza, gari lisilo na namba linakuja usiku linamchukua kijana wake, mama anazunguka kutoka kituo hadi kituo kila mahali anaambiwa hayupo. Wewe ungesema?

Mkulima wa Hindi
Ningesema.

Mwana wa Faza
Ungesema ukiwa Hindi na shamba lako. Njoo ukae Kiunga useme.

Mkulima wa Hindi
Hindi kumetulia? Juni 2023 Juhudi na Salama wameuawa watu watano na nyumba zikachomwa, hiyo ni upande wetu. Usinifundishe kuogopa bwana.

Shangazi Tudor
Wanangu hebu tulieni. Nyote wawili mmeumia, na aliyekula hizo pesa hayumo humu ndani.

Kijana_wa_Rongai
Mi naona mnasahau kitu. Vikosi maalum vinasaidia. Shambulio la hoteli ya Dusit January 2019 vijana waliingia chapchap, watu mamia wakatolewa hai. Linganisha na ile mall ya Westgate 2014 ilivyokuwa siku nne za aibu. Hiyo tofauti ni training na training ni pesa.

wakili_bei_poa
Westgate ni Septemba 2013.

Kijana_wa_Rongai
2013, sawa mwalimu. Point imebaki palepale.

Mwana wa Faza
Dusit iko wapi? Nairobi. Kikosi chenyewe, Recce, kiko wapi? Ruiru, hapo kando ya Nairobi. Sasa twende Garissa. Aprili 2015, magaidi wanne tu, wameingia chuoni alfajiri, watoto wanawapigia wazazi wao simu wakiwa chini ya vitanda. Recce wakafika mchana jua limewaka. Walipoingia ndani kazi ikaisha jioni hiyo hiyo. Kwa hivyo si kwamba hawawezi, wanaweza sana, wako mbali! Watoto 147.

afande_mstaafu
Ni watu 148, wanafunzi 142. Wengine ni wenzangu na wanajeshi na walinzi wa chuo. Ukihesabu hesabu na askari pia.

Mwana wa Faza
Hapo nakubali afande. Mungu awarehemu.

afande_mstaafu
Na nikuongezee. Mnasema zishuke kwa NPR. Hao ni watu wa kujitolea, mnampa kijana bunduki ya G3, mshahara hakuna, ana watoto watatu. Unajua kule Bonde la Ufa 2019 kwa nini walinyang'anywa bunduki? Ilisemekana zinaazimwa kwa wizi wa ng'ombe. Pesa ikishuka kijijini bila karatasi inaliwa na chifu, OCS na mzee wa Nyumba Kumi wakikaa meza moja. Nimeiona. Fungu la siri la Nairobi halikaguliwi vizuri, sawa, lakini na la kijijini nani atakagua, mbuzi?

Shangazi Tudor
Afande leo umekuja na moto.

Kijana_wa_Rongai
Pesa iko nyie. 2014, mwaka ule ule wa Mpeketoni, serikali iliagiza kwa Safaricom mtambo wa usalama wa bilioni 14.9, kamera 1,800, vituo vya polisi 195 vinaunganishwa. Zikawekwa wapi hizo kamera? Nairobi na Mombasa. Na Haiti 2024 tulipata ndege ya kupeleka askari kama 200 kwa mkupuo, Lamu mafuta ya gari hakuna 😂

wakili_bei_poa
Haiti Marekani ndio walibeba sehemu kubwa ya gharama. Usichanganye.

Kijana_wa_Rongai
Basi Marekani waje na Faza waweke mafuta.

Mwana wa Faza
Marekani wenyewe walipigwa Manda Bay Januari 2020, watatu wakafa na ndege zikaungua. Huku hakuna mkubwa.

mnyamwezi_dar
Jamani nachungulia kutoka Bongo. Sisi tulikuwa na mauaji ya Kibiti, mkoa wa Pwani, 2017, walianza na watendaji wa vijiji na viongozi wa chama, Aprili wakaua askari wanane kwa mpigo pale Mkengeni. Serikali ikaanzisha Kanda Maalumu ya Kipolisi Rufiji, na kamanda wake akiwa hukohuko, bodaboda marufuku usiku. Ikatulia. Kwa hiyo mleta mada ana hoja, makao yawe karibu.

wakili_bei_poa
Ilitulia ama ilinyamazishwa? Kuna familia huko bado zinatafuta watu wao.

mnyamwezi_dar
Sijasema hakukuwa na maumivu kaka. Nimesema makao yalisogezwa.

Mkulima wa Hindi
Turudi kwa boti. Mwana wa Faza amekwepa swali langu la boti.

Mwana wa Faza
Unataka boti? Nikupe boti. Kuna mahali huku, sitapataja, paliletwa boti ya faiba ya doria, nyeupe, ina taa ya bluu, tukapigiwa ngoma na hotuba ya saa mbili juani. Ilifanya kazi mwezi na kitu. Mashine ikaharibika kitu kidogo, ikapelekwa kutengenezwa, haijarudi. Leo boti iko juu ya magogo ya mkoko, kuku wa jirani anaatamia ndani pale chini ya usukani, mayai kumi na moja nimeyahesabu mwenyewe. Askari wakitaka kwenda kuangalia hizo boti zako za usiku wanamwamsha mjomba wangu, nahodha, awabebe kwa mashua yake. Na mafuta ni yake.

Kasa_Kizingitini
Ni mashine gani hiyo? Kama ni Yamaha ya nguvu farasi 40 spea ziko kila mahali hata Amu mjini. Wakiamua, siku mbili imetoka.

Mwana wa Faza
Mbili, kila moja 75.

Kasa_Kizingitini
Alaa! 75 mbili kwa doria ya hapa? Hiyo inakunywa kama ngamia. Aliyeandika tenda hajawahi kwenda hata kutega mishipi. 40 moja inatosha, maji ya mkondoni usiku huhitaji mbio, wahitaji mtu anayejua mlango wapi na mwamba wapi.

afande_mstaafu
Kwa speed nakupinga. Wale wana mbili za 60, mimi nimewahi kuwafukuza.

Kasa_Kizingitini
Uliwashika?

afande_mstaafu
Hiyo ni siri ya serikali.

Shangazi Tudor
😂😂😂 hakuwashika

Mwana wa Faza
Na ukianguka majini katika kuwafukuza afande?

afande_mstaafu
Kijana, bado uko na hiyo maneno? Nina miaka 61. Natoka hapa Machakos nakuja. Shela mpaka ng'ambo ya Manda, mimi na wewe, mbele ya watu. Nikikushinda unaomba msamaha kwa askari wote waliowahi kuhudumu Lamu.

Kasa_Kizingitini
Afande usije wakati wa bamvua, mkondo wa pale utakutoa baharini kuu. Subiri maji mafu.

afande_mstaafu
Maji mafu ni lini?

Kasa_Kizingitini
Mwezi ukiwa nusu. Nitakupigia.

Mkulima wa Hindi
Mimi nitakuja kuangalia. Na boti ya kuwafuata nyuma iwepo, mzee asitufie.

Mwana wa Faza
Mjomba atatoa mashua. Afande, ya mafuta unaweka wewe ama nimwambie mjomba kama kawaida?