Kitambaa cha chini kinajikunja kila nikishona kwilti, nyinyi mnashikizaje?

Vipande_Umoja
Habari zenu wapendwa, nisaidieni hapa juu nimefumua hii kitu mara mbili na nikifumua tena naogopa kitambaa kitararuka. Ninashona kwilti, lile blanketi la tabaka tatu zinashonwa pamoja, ya kitanda cha 4 kwa 6, ikiisha itakuwa futi 5 kwa 7 hivi, na upande wa juu wote ni leso za shosho. Alituacha mwaka jana. Zingine ni zile alikuwa anajifunga akienda shamba, zimeoshwa mpaka zikawa laini kama za mtoto, zingine alikuwa ameweka kwa sanduku hajawahi kuzivaa hata siku moja. Katikati nimeweka ile pamba ya polista ya roli, chini ni shiti ya mitumba nilitoa soko la Gikomba.

Sasa shida. Nyumba yangu ni kumi kwa kumi, kuna kitanda, meza na jiko la gesi, sakafu imebaki ka-nafasi ka kupita tu. Kwa hivyo nilitandika zote tatu juu ya kitanda nikazishika na sefti pini, nikaona ziko sawa kabisa, nikashona. Kugeuza chini napata mikunjo minne na moja imepita katikati. Nikafumua, nikaongeza pini, nikarudia, ikatoka vilevile. Pini ndio mbaya ama ni mimi? Nipige bandi kwa mkono, ile mishono ya muda ya kushikilia? Kuna mtu aliniambia kuhusu gundi ya kupulizia, hiyo inaharibu leso?

Fundi_Kariobangi
Pole kwa shosho. Pini hazina makosa, shida ni kitanda. Godoro linabonyea, ukiinama kuweka pini uzito wako unasukuma shiti ya chini inalegea na wewe huoni juu macho yako iko kwa leso. Shiti ya chini inataka kitu kigumu, meza ama sakafu, alafu uishike pembeni na ile selotepu ya karatasi mafundi wa kupaka rangi hutumia. Anza kushika katikati ya upande mmoja, uende ule wa kuangaliana nao, ndio umalize na kona. Ivute mpaka inyooke lakini usiivute kama ngoma, ukiivuta sana siku utatoa selotepu itarudi na irudi na mikunjo.

Na piga pasi kwanza. Shiti na leso zote mbili. Pamba usipige pasi ya moto itayeyuka, ikunjue tu usiku mmoja ilale wazi.

Ingine, shiti ikatwe kubwa kuliko leso, mimi huacha inchi 4 kila upande. Ukikata zikitoshana tu, kushona kunavuta na utajikuta pembeni hakuna kitambaa. Pini weka kila inchi 4, yaani ukiweka ngumi mahali popote iguse pini. Kwa kwilti yako hiyo ni kama pini 300, watu huweka 80 wanashangaa. Na uziweke zote bila kufunga, ukimaliza ndio ufunge, juu ukifunga moja moja kitambaa kinasonga kila mara.

leso_na_kahawa
Mimi natumia ya kupulizia ile ya vitambaa, kazi ya siku mbili unamaliza kwa lisaa. Unapulizia pamba, sio leso, kidogo tu, unalaza kitambaa polepole kutoka katikati, ikikunjika unabandua unarudisha. Ikioshwa inatoka. Lakini kwa chumba kimoja na gesi hapo ndani mimi nakuambia usifanye, ile kitu inashika moto na harufu yake sio ya kulalia. Fanyia nje pahali pana hewa ama uache. Na msinunue ile ya viatu ama ya kapeti mkifikiri ni moja, hiyo haitoki na inakwama kwa sindano ya cherehani.

MamaSouthC
Dadangu pole sana, Mungu amrehemu nyanyako. Leso za mtu aliyeondoka mie nisingezitilia gundi yoyote, wala pini. Nitakwambia kwa nini. Niliwahi kuacha pini kwenye kwilti kuanzia mwezi wa tano mpaka wa saba, unajua baridi ya Nairobi na unyevu wake, nikaja kuzitoa zimeacha madoa ya kutu na lile kwilti lilikuwa la mwanangu. Kwa kuwa hii yako unaishona jioni baada ya kazi, itakaa miezi. Piga bandi.

Nafasi isikutishe. Mwendee seremala akukatie mbao mbili zilizonyooka, nyembamba, ndefu kama futi 6, azipige randa vizuri zisikwaruze kitambaa. Ubao mmoja uuzungushie shiti kama unavyokunja mkeka, wa pili uzungushie leso zako. Tia alama ya chaki katikati ya kila kitambaa, juu na chini, upate kulinganisha. Sasa kwenye meza unafungua shiti kiasi cha meza yako tu, uso wake uangalie chini, juu yake pamba, juu ya pamba leso. Pamba iliyobaki ikunje uiweke kwenye kiti. Piga bandi hapo mezani, ukimaliza vuta mbele, fungua kipande kingine. Uzito wa mbao ndio unaokunyooshea kitambaa, na huhitaji mtu wa kukushikia.

Bandi yenyewe ni mishono mirefu, inchi 2 hivi, mistari iachane kama upana wa kiganja. Uzi uwe mweupe, pamba, kwa sababu uzi wa rangi waweza kuacha rangi yake kwenye leso. Usifunge fundo mwishoni, acha mkia, ukiona pamevutika utaweza kulegeza. Vidole vitauma, kwa hivyo shika kijiko mkono wa kushoto, ncha ya sindano ikitokeza inue kwa ukingo wa kijiko. Mie sijaweza kuacha kijiko tangu nionyeshwe.

Nakuuliza lakini, zile leso mpya za sandukuni uliziosha kabla hujakata?

Vipande_Umoja
Ai mama, hapana. Zile za shamba ndio zilikuwa zimeoshwa. Na kuna moja mpya nyekundu iko karibu na nyeupe.

MamaSouthC
Leso mpya hutoa rangi, nyekundu zaidi, na nyingine hupungua. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe, kisugue upande wa nyuma wa hiyo nyekundu uone. Kikitoka na rangi, ioshe kwa maji baridi sasa hivi, mikono ishughulike haraka na usiiache ikiloweka imejikunja. Ni heri kujua kabla hujaunganisha tabaka.

Fundi_Kariobangi
Nakubaliana na mama kwa hizo mbao, sijawahi fikiria hiyo na mimi meza yangu ni fupi. Cha kuongeza tu, hata bandi ikiwa nzuri cherehani inaweza kusukuma kitambaa cha juu mbele na cha chini kibaki. Punguza ule mkazo wa mguu wa cherehani, anza kushona katikati ya kwilti uende nje, na mistari mirefu yote ianze upande mmoja.

Vipande_Umoja
Narudi baada ya wiki mbili. Ile nyekundu ilitoa rangi kweli, nimeosha mara tatu na maji baridi ndio yakatoka masafi. Mbao nilikatiwa hapa Umoja, jioni nne nikamaliza bandi yote, mtoto wangu wa miaka 3 ndiye alikuwa ananipa kijiko. Nimegeuza chini nikapitisha mkono kutoka kona mpaka kona, hakuna mkunjo. Nimeshona mstari wa kwanza jana, katikati, ulipita juu ya ile leso ya shamba yenye kiraka alichoshona mwenyewe. Kiraka kimekaa vile alikiweka.