Naomba ushauri: kijana wa miaka 16, sober house (nyumba ya kuachia dawa za kulevya) au hospitali kwanza?

Asalaam alaykum jamani, mtoto wa dada yangu ana miaka 16, tupo Wete, Pemba, kaanza na bangi sasa kashaingia kwenye unga (heroini), skuli haendi na usiku anazungumza peke yake mpaka bibi yake anaogopa. Wengine wanasema kachezewa, sawa dua tunasoma, lakini arosto (maumivu ya kukosa unga) ikimkamata anajikunja tumbo jasho linamtoka, hilo si shetani. Tunataka kumvusha Unguja ila sober house nyingi nnazozisikia ni watu wazima watupu, nachelea akajifunza mengine. Tuanze hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu aonwe na daktari wa akili? Na wapi wanawaweka kitako na wazee wa mtoto pia, maana mama mtu akililiwa tu anatoa pesa. Aliyepeleka mtoto wa umri huu aniambie, hata inbox.